Siku Tulipozirudisha Sashe kwa Baba Yao

Andika, mjukuu wangu. Andika ninavyosema, si unavyodhani ningepaswa kusema.

Baba yangu alizaliwa Kongolo, ukingoni mwa Lualaba, akaja mji huu akiwa kijana ili kulaza mataruma ya reli. Mama yangu alizaliwa Manono, katika nyumba za wachimba bati, akaletwa huku na shangazi yake ambaye hakumwuliza kama anataka. Walifunga ndoa kanisani, nami nikazaliwa katika kambi ya reli. Majina yao unayajua, na Mungu anayajua. Katika daftari lako hayataingia. Nimeona sokoni madaftari ya watoto wa shule yakichanwa kufungia karanga, na sitaki jina la baba yangu litupwe njiani na mtu aliyekwisha kutafuna.

Shuleni sikuingia. Kaka zangu waliingia, mimi nikabaki na chungu. Usiweke hapo maneno ya huruma. Naiona kalamu yako inavyoelekea huko.

Nyumba hii unamoandikia ilijengwa na babu yako, ambaye alikuwa fundi wa breki za mabehewa. Wakati ule Annexe, mtaa wetu huu wa pembeni mwa mji, ilikuwa mashamba ya mihogo, na watu wa mjini walituuliza kama huku tumefuata nyani. Alifyatua matofali kwa mikono yake na kuyakausha kwa jua. Kuta tatu alizijenga kama watu wengine wanavyojenga. Ukuta wa nne, huu wa upande wa mfereji, aliujenga mara mbili, kwa kuwa wa kwanza haukumridhisha. Ulipokwisha, aliupiga kwa kiganja kama mtu apigaye shingo ya ng'ombe aliyemnunua vizuri, akasema, "Huyu atanizika." Ukamzika kweli: alikufa, wenyewe ukabaki umesimama. Kitanda changu kiko ubavuni mwake tangu siku hiyo, na hakitasogezwa.

Miaka ninayotaka kuisimulia ni ile ambayo katika nchi yetu kila kilichokuwa na magurudumu kilisimama. Treni zilisimama. Magari ya kugawa posho ya unga kwa wafanyakazi wa migodi yalisimama. Askari ambao hawakulipwa waliingia madukani kujilipa, wakabeba hata milango. Noti ziliongezewa sifuri mpaka mtu asiyesoma kama mimi aliona kwamba zinakaribia kuwa pambo. Kisha wakubwa wakaondoka, wengine wakaingia kwa miguu na mabuti ya mpira, na tukaamka asubuhi nchi ikiwa na jina jingine. Mfereji ulikuwa palepale.

Mfereji huo ulichimbwa na komini, yaani serikali ya mtaa, katika siku ambazo komini ilikuwa bado na watu wenye sepeto. Ndio unaopokea maji yote ya mtaa wa juu na kuyapitisha ubavuni mwa nyumba yetu. Ukiwa wazi, maji yanapita kama wageni wenye adabu. Ukiziba, yanaingia ndani bila kubisha.

Mimi wakati huo nilikuwa nikipika munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, nikiuza mbele ya nyumba kwa kopo. Mtu hunywa, hurudisha kopo, kopo huoshwa, mwingine hunywa. Baada ya munkoyo hakibaki kitu isipokuwa mtu aliyeshiba.

Ndipo akaja mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini. Alikuwa mtu wa kuuza kwa jumla na kusafirisha mizigo, mwenye kamio, yaani malori, zake mwenyewe. Mnene wa tumbo, mpole wa sauti, mzee wa kanisa lake la Kiprotestanti, asiyekunywa pombe wala kuapa. Aliishi Golf, kwenye nyumba za ukuta mrefu, lakini ghala alilikodi huku kwetu, nyuma ya soko. Mabunda ya plastiki aliyapitisha mpakani Mokambo, akafunga mashine iliyolia kama mbuzi aliyenaswa mguu, akaanza kutengeneza sukre: maji, sukari na rangi nyekundu ndani ya sashe, vifuko vidogo vya plastiki. Mtoto aling'ata kona, akafyonza, akatupa. Kazi yote hiyo haikuchukua muda wa kusema Salamu Maria, na sashe ilibaki duniani.

Watu walisema baadaye kwamba niliyafanya yote kwa sababu sukre ilikuwa inaniulia munkoyo. Andika kwamba walisema. Andika pia kwamba munkoyo wangu hauuawi na maji ya rangi.

Mwaka wa kwanza wa sukre, mvua zilikuta mfereji umejaa sashe mpaka nusu. Ukuta wa jirani wa chini ulianguka, kwa bahati njema juu ya bata tu. Wetu ulisimama, lakini maji yaliula chini, na kiangazi kilipofika niliweza kuingiza mkono wangu mpaka kiwiko katika shimo lililobaki. Nililiziba kwa udongo. Mwaka wa pili, kabla ya mvua, mfereji haukuonekana tena. Palikuwa na barabara nyekundu ya plastiki, na kuku walitembea juu yake. Nikajua kwamba mvua kubwa ya kwanza itaulaza ukuta wa babu yako juu ya kitanda changu, nami nikiwa ndani yake.

Nilikwenda komini. Nilimkuta mwenye kushughulikia usafi, kijana wa tai, nyuma ya meza ambayo mguu wake mmoja ulikuwa tofali.

"Jambo, mama."

"Jambo. Mufereji yangu inajaa sashe. Mvua iko karibu."

"Ile buchafu iko mbele ya nyumba ya nani, mama?"

"Yangu."

"Basi iko buchafu yako. Mufanye salongo."

Salongo ni ile kazi ya umma ya lazima, ambayo wakubwa waliipenda kwa sababu hawakuifanya.

"Salongo tulifanya," nikamwambia. "Tulitosha yote inje ya mufereji, tukaweka pembeni, tukangojea kamio yenu. Upepo njo ulirudisha yote mu mufereji. Kamio iko wapi?"

"Kamio iko."

"Iko wapi?"

Akanionyesha dirishani kwa kidevu. Kamio ya komini ilikuwa uani, juu ya matofali, haina hata gurudumu moja, na katika kiti cha dereva alikuwa amelala kuku.

"Kuku ni ya nani?"

"Ya mukubwa."

"Inalalia mayai?"

"Inalalia, mama."

"Basi kamio iko inafanya kazi," nikasema, nikaondoka.

Kutoka hapo nilikwenda ghalani kwa mfanyabiashara. Sitamsema vibaya kwa mapokezi: aliniletea kigoda, akaamuru mashine izimwe, akanisikiliza mpaka mwisho huku amekunja mikono juu ya tumbo.

"Mama yangu," akasema, "mimi nauzisha sukre. Sashe ni nguo ya sukre tu. Mutu akisha kununua, na nguo ni yake. Kutosha buchafu ni kazi ya komini, njo maana tunalipa kodi."

"Komini inasema ni kazi yangu."

"Basi mimi niseme nini juu ya komini? Na tena, mama, usikasirike, lakini bale batoto bako nabajua. Ni bateja bazuri sana."

Nilirudi nyumbani kwa hatua ndefu, nikawapanga watoto wangu mbele ya mlango, nikawauliza nani kati yao anakunywa sukre. Walikana wote, mmoja baada ya mwingine, wakiwa na ndimi nyekundu. Wa baba yako ulikuwa mwekundu kupita zote. Mwulize.

Siku hiyo nilikaa mbele ya sufuria ya munkoyo bila kukoroga. Komini yasema sashe ni yangu. Mwenye kuitengeneza asema ni ya komini. Wenye kuinywa wasema hawaijui. Nikawaza: kitu kinachokanwa na watu wote watatu, mbona nimekwisha kukiona mahali? Nikakumbuka. Ni mimba.

Sasa sikiliza, kwa maana ninyi wa leo mnayamaliza mambo haya kwa simu. Kwetu, binti akishika mimba na kijana asijitokeze, hatupigani wala hatutukani barabarani. Tunatuma neno kwamba tutafika. Siku hiyo wamama wa ukoo huvaa bikwembe, yaani vitenge, vya kitambaa kimoja, humchukua binti pamoja na furushi la nguo zake, huenda naye mpaka nyumbani kwa aliyempa mimba, na kukaa mlangoni kimya. Hatusemi kwanza. Wenye nyumba wakitaka kukana, wanakana tukiwa nje, na tunarudi na binti wetu na vita vinaanza. Lakini wakilipokea furushi, likavuka mlango, neno limekwisha. Furushi lililovuka mlango halirudi. Tangu hapo mzigo ni wa nyumba ile, na hata Papa hawezi kuutoa.

Niliwaita wamama wa jumuiya yetu ya sala, nikawaeleza. Mmoja aliuliza kama si dhambi. Nikamwambia kwamba dhambi ni kuzaa bila kulea. Akaenda kutafuta shuka.

Kwa mlinzi wa ghala nikaacha ujumbe ampe bwana wake. Nakumbuka kila neno, kwa sababu baadaye nilitakiwa kuyarudia: "Jumapili baada ya misa, bamama ba Annexe batafika kwako Golf, juu ya jambo lililotoka mu nyumba yako." Basi. Hakuna zaidi.

Tulizoa sashe kutoka mferejini, tukazifunga katika mashuka ya zamani, mafurushi makubwa manne. Tukavaa bikwembe vya sikukuu ya parokia, tukajitwika, tukaenda Golf kwa miguu. Pamoja nasi alikuja mke wa jirani, mwanamke kijana aliyekuwa karibu kujifungua. Mimba ilikuwa halali kabisa, ya mumewe, muuza makala, yaani makaa ya kupikia. Tulimwambia abaki. Akasema hajapata kuiona Golf na kwamba mtoto akizaliwa hatapata nafasi tena. Tukamwacha aje.

Tulipofika kwenye lango tulitandika mikeka, tukakaa kimya, mafurushi mbele yetu. Kigoda kilikuwa kimoja tu, nacho tulimpa mwenye tumbo, na kwa kuwa kivuli kilikuwa katikati tukamweka katikati. Ni adabu tu. Lakini nakiri kwamba mtu yeyote wa mji huu angepita pale na kutuona, wamama wa kitambaa kimoja, kimya, furushi, na mwanamke kijana mwenye tumbo juu ya kigoda, asingehitaji kuelezwa.

Mlinzi alichungulia kwenye tundu la lango. Tukasikia miguu yake ikikimbia ndani. Kisha tukasikia kishindo upande wa nyuma ya nyumba, kisha mbwa wa jirani, kisha tukamwona kijana wa nyumba ile, mwanafunzi wa chuo, akitokea pembeni na kukata barabara mbio akiwa na kiatu kimoja. Hakutuangalia. Wamama waliguswa sana na jambo hilo, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemtaja.

Lango likafunguka. Alitoka mama mwenye nyumba, mtu safi, mwenye haya, macho yakienda kwenye madirisha ya jirani.

"Bamama, karibuni. Karibuni mbio mbio. Muingie, bantu banaangalia."

Nilifungua kinywa ili nieleze. Andika kwamba nilikifungua. Lakini yule mama alikuwa amekwisha kuinama, akalikumbatia furushi la kwanza kwa mikono yake mwenyewe, akaliingiza ndani, akarudi kuchukua la pili.

"Ayi, mama," akamwambia mke wa jirani, "uko na bintu mingi hivi?"

"Bingine bilibakia kwetu," akajibu yule mpumbavu, akidhani anaulizwa juu ya mfereji.

Mafurushi yote manne yalivuka mlango, yakapelekwa katika chumba cha wageni, yakawekwa juu ya kitanda.

Sebuleni mfanyabiashara alikuwa amesimama, shati jeupe limefungwa mpaka shingoni, pamoja na mzee mmoja mwenzake wa kanisa aliyeitwa kuwa shahidi. Macho yake yalikuwa mekundu. Walitukalisha kwenye viti laini, wakatuletea limonadi baridi ya kiwanda kikubwa cha bia na sukre cha mji, katika zile chupa za kioo. Sukre yake ya sashe haikuonekana popote. Niliona hilo, nikanywa.

"Bamama," akaanza, "hii nyumba ni nyumba ya maombi. Mimi siko mutu wa kukana. Kijana wangu amekimbia; baba yake hatakimbia. Kilichotoka kwetu ni chetu. Mumekileta, bibi yangu amekipokea kwa mikono yake, kimevuka mulango. Tangu leo muzigo ni wa nyumba hii."

"Amina," akasema mzee mwenzake.

"Amina," tukasema sisi sote, na sisi tulilisema kwa moyo.

Ndipo mke wa jirani, ambaye alikuwa amemaliza limonadi yake, akasema kwa upole, "Baba, mi niko na bwana yangu. Anauzishaka makala."

Hapo hapo tukasikia ukelele kutoka chumba cha wageni. Mama mwenye nyumba alikuwa amefungua furushi ili apange nguo za mkwewe kabatini. Alikuta sashe, tope, na chura mmoja aliyekuwa amelala humo tangu mferejini, ambaye aliruka juu ya mto wa kulalia akakaa.

Mfanyabiashara alikwenda, akaona, akarudi.

"Mama," akaniambia, "umenidanganya! Siku ya Mungu!"

"Nilisema neno gani la uongo, baba? Acha nirudilie ujumbe."

Nikaurudia, neno kwa neno. Alitafuta uongo ndani yake. Mzee mwenzake akamsaidia kutafuta. Hawakuona.

"Lakini hizi ni buchafu! Buchafu ni kazi ya komini!"

"Komini iko na kuku."

"Basi ni ya wenye kunywa! Mumekunywa, mumetupa, munaniletea mimi?"

Hapo, nakwambia wazi, alikuwa na nguvu kuliko mimi. Lililotuokoa ni wizi mdogo. Mke wa jirani, akiona watu wameanza kupiga kelele, alikuwa ameisukuma chupa yake tupu ndani ya kikwembe ili aende nayo nyumbani kuwekea mafuta. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa amesimama mlangoni akimshika chura kwa kitambaa, aliona. Akasahau chura, akasahau haya.

"Mama! Chupa! Ile chupa ibakie!"

"Ni chupa tupu tu," akasema mke wa jirani.

"Tupu njo banayoitaka! Nisiporudisha kazie, sanduku yake, imejaa chupa tupu, depo haitanipa ingine!"

Nikaweka chupa yangu mezani, polepole.

"Mama," nikamwuliza mwenye nyumba, "hii limonadi nani alikunywa?"

"Ninyi."

"Ya nani?"

"Yetu. Tulinunua."

"Na chupa?"

"Chupa haiko yetu. Iko ya kiwanda. Wao njo banatafutaka chupa zao."

"Hata baada ya watu kunywa?"

"Hata."

"Hata ikiwa hapa Golf, juu ya meza yenu?"

"Hata ikienda Kasenga, mama, bataitafuta."

Mume alikuwa akimwangalia mkewe kama mtu anayeona mlango wa nyumba yake umefunguliwa kutoka ndani. Nikamgeukia.

"Basi, baba, katika mji huu kuna mtu anayezaa na anayelea. Chupa ina baba, inaitwa nyumbani. Sashe yako ina nani?"

Mzee mwenzake wa kanisa alianza kucheka. Alijaribu kukohoa juu ya kicheko, ikawa vibaya zaidi. Mfanyabiashara alikaa chini, akafungua kifungo cha shingo.

"Mama, nikikamata sashe zote, nitakula nini?"

"Mpaka leo umekula ukuta wangu."

Akainua kidole, na sitamnyima haki yake, alisema neno la kweli. "Kamio nitatuma. Watu wangu batasafisha mufereji. Lakini mimi sitapita nyuma ya kila mutoto wa Annexe kumushika mudomo. Nani ataleta sashe kwangu?"

Tukatazamana sisi wamama. Tulikuwa tumekuja kuacha mzigo, na sasa alikuwa anaturudishia kamba ya kuufungia. Nikasema kwamba sisi tutaleta. Kila mwenye kuleta beseni la sashe tupu atapewa sashe mbili zilizojaa. Mpaka ghalani ni juu yetu, na kutoka ghalani ni juu yake. Mzee wa kanisa akasema "Amina" tena, bila kuombwa. Chura tulirudi naye, kwa sababu alikuwa wetu.

Kamio ilikuja siku iliyofuata. Wapagazi wake walishuka mferejini na sepeto, wakazoa mpaka udongo mweusi ukaonekana, wakapeleka yote katika mashimo ya zamani ya wafyatua matofali. Walipokuwa katikati ya kazi akafika kijana wa tai wa komini, amekasirika.

"Nani aliwapa ruhusa ya kutosha buchafu ya komini?"

Wamama waliokuwapo walilazimika kukaa chini ili wacheke vizuri.

"Muda ule ulisema iko yangu," nikamwambia. "Nimeipa baba yake. Kama unataka nawe kuwa baba, ungoje nyuma yake, basi, sawa."

Aliandika kitu, akaondoka. Sijui alichoandika. Katika miaka ile watu waliandika sana.

Mvua kubwa ilikuja siku chache baadaye, mchana, wakati nilikuwa nimeanika mahindi. Niliyaacha. Niliingia ndani, nikakaa kitandani, nikaweka kiganja juu ya ukuta wa babu yako. Maji yalishuka kutoka mtaa wa juu na kelele kama za watu wanaotoka misa ya Pasaka. Yalifika kwenye kona yetu. Ukuta ulitetemeka chini ya mkono wangu, au mkono wangu ulitetemeka juu ya ukuta; usichague, andika yote mawili. Kisha kelele zikapita, zikashuka bondeni. Niliangalia sakafu. Ilikuwa kavu. Nilitoka kuokoa mahindi, nikakuta bata wa jirani wameyala.

Sasa sikia yaliyompata mfanyabiashara, kwa maana ndiyo sehemu ambayo watu huisahau. Watoto wa Annexe walileta sashe. Walileta za kwetu, za mitaa mingine, na nadhani walizifuata hata Kenya, mtaa wa mji huu wala si nchi, na Katuba. Ghala lilijaa mpaka darini. Sashe zilikuwa na sukari, na sukari iliita sisimizi, na baada yao nyuki, na baada yao panya, ambao hawakuwa wakila sukari bali walikuja kuona watu. Siku moja wapagazi walishindwa kuifikia mashine. Mfanyabiashara alisimama mlangoni mwa ghala lake, akapigwa na nyuki kwenye sikio, na kabla mvua hazijaisha alikuwa ameacha sashe. Alinunua chupa za zamani na kazie zake, akaandika mlangoni maneno ambayo hata mimi niliyaelewa, kwa sababu walichora: hakuna chupa tupu, hakuna sukre.

Alinieleza yeye mwenyewe siku moja, akinywa munkoyo wangu amesimama. "Mama, sashe ilikuwa rahisi sana wakati ilikuwa inalala kwako. Ilipolala kwangu, ikawa bei ya tajiri." Nikamwambia arudishe kopo.

Kuhusu kijana wake aliyeruka ukuta: miezi ilipita, na wamama wengine, si sisi, wakafika kwenye lango lile na furushi. Nasikia mama mwenye nyumba alilifungua kwanza barabarani, mbele ya Golf nzima, akatoa nguo moja moja akizikung'uta. Zilikuwa nguo. Alilia, kisha akaliingiza.

Sasa wakubwa wanasema redioni kwamba wenye kutengeneza plastiki ndio watakaopaswa kuikusanya, wala si mji peke yake, na wanalisema kama jambo lililoshuka jana na ndege. Sina neno. Walilete tu mpaka huku, kwa sababu mfanyabiashara wangu amekwisha kurudi kwao Kivu kuzikwa, waliokuja baada yake wanauza hata maji katika sashe, na kuku wameanza tena kutembea juu ya mfereji.

Kwa hiyo andika mambo ya kutunza, na uyatunze.

Tunza kikwembe changu cha parokia kilicho chini ya sanduku. Kisikatwe kuwa matandiko ya mtoto. Kitahitajika kwenda kwenye malango mengine, na si vizuri kufika umevaa hovyo. Tunza chupa ya limonadi iliyo juu ya kabati. Ndiyo ile ya mke wa jirani. Alitoka nayo baada ya yote, na alinipa alipojifungua salama. Depo ikija kuitafuta, wape, kwa maana ni yao. Tunza sepeto iliyo nyuma ya mlango, na kila mwaka kabla ya mvua ushuke mferejini wewe mwenyewe, hata kama kazi ni ya mwingine. Tunapogombana juu ya baba wa mtoto, kuna mtu anayepaswa kumfuta kamasi. Ukishamfuta, vaa kikwembe, uende Golf.

Ukuta usiupake saruji. Babu yako alitaka uonekane.

Na sashe ya maji uliyoitupa dirishani tulipofika kwenye habari za kamio, ukidhani ninaangalia upande mwingine, iko mferejini, imekwama kwenye jiwe. Malizia kuandika kwamba niliiona. Kisha weka kalamu chini, ukaiokote.